Duka la Mwanza lililochapa Jicho la Sahara bila kuharibu rangi zake

Kama una ramani, picha ya setilaiti au mchoro ambao rangi yake ni taarifa na si pambo, na unataka uchapwe kwa ukubwa wa ukuta hapa Mwanza, lipo duka nitakalokuelekeza leo hii. Liko katikati ya mji, kwenye vichochoro vya Mtaa wa Rufiji, ghorofani, juu ya wauza vifaa vya simu. Halina jina la kujitangaza. Mlangoni pamebandikwa karatasi inayotaja kazi zao: mabango, stika, fulana, kadi za harusi, mihuri. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, na kwenye kompyuta yupo kijana mtulivu ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike haya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kidato cha tano na cha sita, huku Ilemela. Kazi niliyowapelekea ni picha ya Richat, ule mduara mkubwa wa miamba ulioko jangwani nchini Mauritania, kwenye uwanda wa juu wa Adrar karibu na mji wa kale wa Ouadane. Wengi wanaujua kwa jina la Jicho la Sahara. Wanafunzi wangu karibu wote wameshauona kwenye simu, umepakwa rangi za kila aina, na msimulizi anawaambia ni mji uliozama au ni shimo la kimondo. Nilitaka wauone kwa ukubwa unaoruhusu mtu kusogea, kuweka rula na kupima, kwa sababu Richat ukiupima wenyewe unakujibu.

Picha niliitoa kwenye setilaiti ya Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo data zake ni bure kwa kila mtu. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 ardhini. Mduara una kipenyo cha kilomita kama 40, kwa hiyo nilikata eneo la kilomita 50 kwa 50 ili pembeni pabaki na jangwa la kulinganishia. Hapo unapata pikseli 5,000 kila upande. Ukiichapa kwa upana wa mita moja, sentimita moja ya karatasi inabeba mita 500 za ardhi, na ndani ya sentimita hiyo zinakaa pikseli 50. Kwa anayekaa dawati la nyuma ni safi, na hata kwa anayesogea mpaka pua inakaribia karatasi bado picha inashika. Ningetumia Landsat, setilaiti ya Marekani, ambayo pikseli zake za rangi ni mita 30, ningebaki na pikseli 17 hivi kwa sentimita, na kingo za vilima zingeanza kuwa ngazi ngazi.

Hesabu hizo nazitaja kwa sababu yule kijana alizifanya mwenyewe, mbele yangu, kabla hata ya kutaja bei. Alichomeka flashi, akafungua faili, akatazama idadi ya pikseli, akaniambia:

"Mwalimu, hii inabeba mita moja vizuri. Ukitaka mbili itaanza kupasuka."

"Mita moja inatosha, kaka."

"Na rangi je? Naona zimepoa sana. Niziamshe kidogo au ziache hivi hivi?"

Swali hilo ndilo sikuwa nimeulizwa kwingine. Duka jingine mjini, ambalo silitaji, liliipitisha picha hiyo hiyo kwenye kitufe cha kuboresha rangi bila kusema neno. Ilitoka inang'aa. Mchanga ulikuwa wa chungwa, vilima vyeusi, na mabonde yaliyo kati ya vilima yakawa na ukijani ambao jangwani haupo. Kwa bango la mgombea au la duka la nguo hiyo ni huduma nzuri. Kwa picha ya miamba ni hasara tupu, maana kila kivuli cha kahawia pale kinasema kitu.

Nilimwambia yule kijana aziache, na akataka kujua kwa nini. Nikavuta kiti. Nitaeleza hapa kama nilivyomweleza yeye, maana bila hilo huwezi kuona kwa nini kazi yao naipa alama za juu.

Chukua chapati kadhaa uzipange moja juu ya nyingine kwenye kitambaa, kisha uzisukume kwa ngumi kutoka chini mpaka rundo livimbe katikati. Sasa chukua kisu kikali ukate ule uvimbe kwa mlalo, sambamba na meza. Ukitazama kutoka juu utaona miduara: chapati ya chini kabisa iko katikati, na kila unavyokwenda nje unakutana na iliyopangwa baadaye. Richat ndivyo ulivyo. Katikati kuna miamba mashapo ya zama za kale za Proterozoiki, chokaa na dolomaiti (mwamba wa jamii ya chokaa), na ukielekea ukingoni unafika kwenye miamba ya mchanga ya kipindi cha Odovisia, kilichokuja baadaye. Kisu ni mmomonyoko. Matabaka magumu ya kwatzaiti, mwamba wa mchanga ulioshikana sana, yamegoma kuliwa na yamesimama kama matuta ya duara. Yale laini yamekuwa mabonde.

Ngumi je? Hapo ndipo somo lilipo. Miaka milioni 100 hivi iliyopita, kipindi cha Kretasia, magma, mwamba ulioyeyuka, yenye asili ya alkali (yenye sodiamu na potasiamu nyingi) ilipanda na kukaa chini ya eneo hilo, ikainua matabaka yaliyokuwa juu yake yakawa kuba. Kuba likapata nyufa, na nyufa zikawa njia. Baadhi ya magma ilipita humo ikagandia kama kuta za mwamba, ambazo wanajiolojia huziita daiki. Maji ya moto nayo yalipita, yakayeyusha chokaa na dolomaiti ya katikati mpaka dari ya mapango ikaporomoka. Vipande vilivyoanguka vikashikanishwa upya na silika (kitu kikuu katika mchanga), vikawa breksia, mwamba wa vipande vipande ulioko kitovuni leo. Maelezo haya yalikamilishwa na watafiti Guillaume Matton, Michel Jébrak na James Lee katika makala yao ya mwaka 2005, na kipimo cha umri wa breksia kilitoa miaka milioni 98 hivi. Yaani magma, maji ya moto na mporomoko ni ndugu wa wakati mmoja.

Sasa rudi kwenye karatasi. Ndani ya Richat kuna daiki mbili za gabro, mwamba mweusi uliotokana na magma, zilizozunguka kitovu. Ya ndani iko kilomita 3 hivi kutoka katikati, na upana wake ni mita kama 20. Ya nje iko kilomita 7 mpaka 8, upana mita kama 50. Kwenye bango langu, ya ndani inakaa sentimita 6 kutoka katikati na unene wake ni chini ya nusu milimita; ya nje inakaa sentimita 14 mpaka 16, na unene wake ni milimita moja kamili. Nilikuwa nimezichora mimi mwenyewe juu ya picha kwa mistari ya vitone, nikitaka unene wa mstari ulingane na unene halisi wa mwamba. Mashine mbaya ingeifuta ile nyembamba au ingeinenepesha mpaka iwe uongo. Kijana alivuta picha mpaka mstari ukajaa skrini, akanionyesha kwamba weusi wa mstari na kahawia ya chini yake vinakaribiana mno kwenye wino, akapendekeza nyekundu iliyoiva. Alikuwa sahihi.

Kisha alifanya jambo ambalo, kwa mtazamo wangu, ndilo linalotenganisha mchapaji na mtu mwenye mashine. Alichapa kwanza kipande cha majaribio: ukanda mwembamba unaoanzia kitovuni mpaka ukingo wa mashariki. Aliuweka juani dirishani, siyo chini ya taa ya duka, tukautazama pamoja. Tulikuwa tunatafuta vivuli.

Vivuli hivyo naomba nivieleze polepole. Matabaka ya Richat yameinamia nje, nyuzi 10 mpaka 20 hivi, pande zote. Kwa hiyo kila tuta la kwatzaiti lina mgongo mpole unaotazama nje na uso wa mwinuko mkali unaotazama kitovu. Sentinel-2 hupita asubuhi, na nilichagua picha ya Desemba jua likiwa limeinama. Jua likitokea upande wa mashariki, matuta ya nusu ya mashariki yanakuwa yamelipa kisogo: uso wao mkali unatazama magharibi, unaingia kivulini. Upande wa magharibi wa mduara ni kinyume, uso mkali unapigwa na jua na kung'aa. Mwanafunzi akiona uzi mweusi upande huu na uzi mweupe upande ule, anaweza kusema mwenyewe miamba imeinamia wapi bila kukanyaga Mauritania. Lakini uzi huo ni mwembamba sana. Ukiongeza ukali wa rangi, kahawia yote inakuwa nyeusi na kivuli kinamezwa.

Kwenye ule ukanda wa kwanza kivuli kilionekana kwa shida. Kijana akapunguza wino mweusi kidogo, akaacha kahawia ilivyo, akachapa ukanda mwingine. Safari hii uzi ulisimama peke yake, mwembamba kama unywele, ukifuata mkunjo wa tuta. Mama mwenye duka alikuja akasogeza miwani, akauliza, "Mwalimu, na hapa katikati ndipo jiwe liliangukia?" Nikamwonyesha kwamba hakuna shimo la kuangukia: miamba ya katikati ndiyo mikongwe na ndiyo iliyoinuliwa, matabaka yamelala kwa utaratibu, na hakuna alama za mshindo. Miaka ya nyuma iliwahi kutangazwa kwamba koesaiti, madini yanayotokea kwa kishindo cha kimondo, imepatikana pale. Sampuli zilipochunguzwa upya ikaonekana ni baraiti, madini yasiyohitaji kishindo. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku wateja wawili wa kadi za harusi wakisubiri, na nao wakasogea kutazama. Duka linalomvumilia mteja namna hiyo linastahili kutajwa.

Mnaouliza kwa nini mwalimu wa Mwanza, aliyezungukwa na majabali, ahangaike na jangwa la watu: ni kwa sababu majabali yetu ni itale, mwamba uliojaa silika, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mwanafunzi aliyekulia Mabatini au Kirumba anadhani mwamba wa moto, yaani uliotokana na magma, ni huo tu, ule wa Jiwe la Bismarck na vilima tunavyojengea nyumba. Familia ya alkali, ile ya magma ya Richat, ni nyingine kabisa. Ina sodiamu na potasiamu nyingi, silika kidogo, na hupenda kuzaa miamba ya ajabu. Richat kuna daiki na vipande vya karbonatiti (mwamba wa magma uliojaa kaboneti badala ya silika) 32 vilivyochorwa kwenye ramani, na kuna kimbalaiti upande wa kaskazini, yenye miaka milioni 99 hivi.

Hivyo viwili ni vya nyumbani. Karbonatiti ndiyo inayotoka Oldoinyo Lengai, volkeno pekee duniani inayotapika lava ya aina hiyo kwa sasa, lava nyeusi ya nyuzi joto 500 mpaka 600 tu ambayo ikipoa na kushika unyevu inageuka nyeupe. Ukivuka ziwa hadi upande wa Kenya, Mlima Homa nao una karbonatiti. Kimbalaiti ndiyo mwamba wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na kila darasa ninalofundisha lina watoto kutoka Shinyanga ambao ndugu zao wamefanya kazi kule. Hawakuwahi kuambiwa kwamba shimo la Mwadui na lile duara la kwenye simu yao vina nasaba moja. Inaniuma kuona mtoto anamaliza kidato cha sita akiwa na hadithi ya mji uliozama kichwani na hana neno hata moja kuhusu kimbalaiti ya kwao.

Karbonatiti za Richat hazionekani kwenye bango. Nyingi zina upana wa mita 1 mpaka 4, yaani hazifiki hata nusu ya pikseli. Kwa kipimo changu, daiki ya urefu wa mita 300 ingekuwa na milimita 6, na upana wake usingefika sehemu ya kumi ya milimita. Nilitaka niweke alama ndogo ndogo za mahali zilipo, kijana akanishauri niache, kwamba alama zitaonekana kubwa kuliko kitu chenyewe. Nikaweka maelezo pembeni badala yake. Ushauri wa namna hiyo kutoka kwa mchapaji sikuutarajia, na ni ushauri wa kitaalamu.

Karatasi waliyonipa ni nzito, isiyong'aa. Wanayo pia ya kung'aa na wanaweza kulamineti, lakini kwa darasa lenye madirisha mapana lamineshini inarudisha mwanga, na nusu ya wanafunzi wanaona dirisha badala ya jangwa. Chagua isiyong'aa. Ubaya wake ni unyevu wa ziwa: ukibandika kwa selotepu, ndani ya muda mfupi pembe zinajikunja. Mimi nimeweka vipande vya mbao juu na chini, kazi ya fundi seremala yeyote. Walinitoza shilingi 45,000 pamoja na kanda za majaribio, ambazo hawakuzihesabu pembeni. Walinipa bure lile bomba gumu la karatasi linalobaki wakimaliza roli la stika, na ndani yake bango lilipanda daladala ya Igoma iliyojaa bila kupata kunyanzi hata moja.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika kazi inasimama, jenereta yao inabeba kompyuta na haibebi plota, mashine ya kuchapia karatasi pana. Ngazi za kupandia ni nyembamba na zina giza; mtu mzima mwenye magoti mabaya ampigie simu kijana ashuke. Kingo za karatasi walikata kwa mkono, na upande mmoja ulikwenda mshazari kwa milimita chache, nikalazimika kuomba warekebishe. Walirekebisha, ila ilipaswa kuwa sawa tangu mwanzo, maana kwenye bango la kupimia ukingo ndio msingi wa rula. Na siku za kampeni au za mahafali usiende: foleni ni ndefu na yule kijana hapati nafasi ya kukusikiliza.

Darasani bango limefanya kazi niliyotaka. Kidato cha tano walipima kipenyo kwa rula, wakakuta duara si kamili, limebonyea kidogo, na mabishano yakaanza kuhusu ngumi ya chini ilikuwa na umbo gani. Mmoja aliyekuwa mtetezi mkubwa wa kimondo alisimama upande wa mashariki wa karatasi, akafuata ule uzi mweusi kwa kidole, akahamia magharibi, akarudi mashariki, kisha akaomba dakika ya kuwaeleza wenzake kwa nini amebadili mawazo. Nimefundisha mada hii kwa mchoro wa chaki kwa miaka, na chaki haijawahi kunipa dakika hiyo.

Richat ulianza kuvuta macho ya dunia wanaanga wa Gemini IV, chombo cha Marekani, walipoupiga picha Juni 1965, na mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia uliuweka kwenye orodha ya maeneo 100 ya kwanza ya urithi wa jiolojia. Data za kuuona ziko wazi kwa shule yoyote yenye intaneti. Kilichokuwa kinakosekana huku kwetu ni mtu wa kuichapa picha kama ilivyo.

Walimu mtakaokwenda: bebeni faili la TIFF (aina ya faili la picha inayotunza ubora wake) kwenye flashi, msitume kwa WhatsApp, itabanwa na mistari itakufa. Wekeni kipimo na mshale wa kaskazini wenyewe kabla ya kufika. Semeni mapema kwamba rangi isiguswe, na ombeni ukanda wa majaribio, mkautazame kwenye mwanga wa jua. Nendeni asubuhi, siku ya kazi. Mimi nimeshaacha malipo ya awali kwa ajili ya Lengai na Ngorongoro kwa kipimo hicho hicho cha sentimita moja kwa mita 500, ili zikitundikwa kando ya Richat rula moja ipime zote.